Mashuka ya Mama Mbuyu

Mama Mbuyu alianguka asubuhi moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kulaza vumbi la Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, akichambua maharagwe na kunung'unika kwamba yamejaa mawe, kama alivyonung'unika juu ya kila kitu kilichonunuliwa na Kabedi. Ghafla manung'uniko yakakatika. Kabedi, mke wa mwanawe, alisikia ungo ukidondoka. Alipotoka nje alimkuta mkwewe amelala ubavu juu ya maharagwe, mdomo umekwenda upande, na jicho moja linamkazia kama linalomshitaki.

Hospitalini walikaa naye kwa muda wakafanya walichoweza. Daktari akasema mshipa umepasuka kichwani, dawa ya kumrudisha alivyokuwa hakuna, na bora apelekwe nyumbani akatunzwe na watu wake. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno nayo yalimtoka, yakabaki machache tu: "maji", "hapana", na jina la mwanawe, Nkulu.

Nkulu alikuwa mchungaji. Kanisa lake lilikuwa la matofali mekundu, mwisho wa safu ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa kanisa. Alikuwa na makundi mengine ya waumini Musonoi na Mutoshi, aliyoyaendea kwa baisikeli, suruali ameifunga kwa kamba kifundoni isiliwe na mnyororo. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre baada ya vita kupita Kolwezi. Wengi walikuwa wamekimbia, wengine wamerudi, na waliorudi walirudi na njaa, na makaburi ambayo hawakuyazungumzia. Unga ulipangiwa foleni. Watu walimhitaji mchungaji kwa kila kitu: kuzika, kuozesha, kupatanisha, kumwombea aliyepoteza kazi, kumtembelea aliyepoteza akili. Nkulu hakumkatalia mtu. Hiyo ndiyo sifa yake, na sifa hiyo ilikuwa ya kweli.

Nyumbani, kazi ya kumtunza mgonjwa ilimwangukia Kabedi. Binti wote wa Mama Mbuyu walikuwa wamekwisha kufa. Omer, kifungua mimba wa Kabedi, alikuwa shule ya bweni Likasi, na waliobaki nyumbani walikuwa wadogo. Hakuna aliyeketi akaamua nani atamwosha bibi. Lilionekana jambo lisilohitaji kuamuliwa.

Na mambo baina ya wanawake hao wawili hayakuwa mepesi tangu mwanzo. Nkulu alipotangaza kwamba amepata mchumba, na kwamba mchumba huyo ni binti wa Kasai, mkoa wa jirani, Mama Mbuyu alisema hakumbeba mwanawe mgongoni kutoka Kabongo ili aje aliwe na watu wa Kasai. Zilikuwa siku ambazo maneno ya namna hiyo yalisemwa Katanga bila aibu. Arusini alikuja, akaketi amewapa watu mgongo, akaondoka kabla ya chakula. Mumewe alipofariki akahamia kwa Nkulu na mkewe. Kwa miaka yote hiyo alikula bukari, ule ugali, ya Kabedi, akalala kwenye kitanda alichotandikiwa na Kabedi, wala hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "huyu".

Sasa "huyu" ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo wa Mama Nuru, jirani, kuwika. Bomba la ndani lilikuwa limekauka tangu zamani, na la uani lilitoa maji siku likipenda, basi alichukua ndoo akaenda kupanga mstari kwenye bomba la njiani. Akirudi aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akachemsha maji, akaingia chumbani kwa mgonjwa. Alimvua, akamwosha, akakausha kila mkunjo wa ngozi, akapaka mafuta ya mawese pale mgongoni palipoanza kuchubuka. Alitoa mashuka yaliyochafuka na vitambaa vilivyolowa akatandika vingine, akavitia vichafu kwenye beseni. Halafu ndipo alipoamsha watoto. Mchana alirudia, na jioni vilevile.

Mama Mbuyu alikuwa mwembamba, lakini kila aliposhikwa ili ageuzwe alijilegeza akawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Akipewa uji alifumba mdomo mpaka Nkulu apite mlangoni, na Nkulu akikichukua kijiko mwenyewe, midomo ilifunguka. Nkulu alimlisha vijiko vichache, akamshika mkono, akaomba kwa sauti ya upole, akamfunika vizuri, kisha akatazama saa. Alikuwa anangojewa mahali. Daima alikuwa anangojewa mahali.

Waumini walimsifu Kabedi. Walisema Mama Pasta amepewa karama, angalia anavyomtunza mkwe ambaye hakumpenda. Walipomsifu hivyo walimletea na kazi. Palikuwa na kikundi cha akina mama kila Alhamisi, ambacho yeye ndiye mwalimu wake. Palikuwa na wachumba wa kufundwa kabla ya ndoa, na wainjilisti waliokuja kutoka mbali wakalala sebuleni wakisifu bukari yake na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioutazama wa Kabedi kutoka nje waliuona mwepesi, kwa sababu aliubeba bila kusema.

Naye hakusema kwa kuwa alidhani kusema ni dhambi. Alikuwa amefundishwa tangu usichana kwamba anayemtumikia Mungu hachoki, na akichoka basi kuna jambo moyoni mwake halijatubiwa. Alitafuta moyoni mwake hilo jambo. Alipiga magoti kando ya kitanda kulitafuta, akaamka na alama za mkeka usoni, hajui aliishia wapi. Baadaye hata magoti akaacha kupiga. Sala ilikuwa imekauka kama lile bomba la ndani, na yeye hakujua pa kumtafuta fundi.

Jumapili moja Nkulu alihubiri juu ya utumishi. Alisimulia kwamba juma lile, huko Musonoi, alimkuta mzee mmoja aitwaye Louis, mchimbaji wa zamani asiye na ndugu, amelala katika uchafu wake. Akasema aliona Roho anamsukuma, akakunja mikono ya shati, akatafuta maji, akamwosha mzee yule mwili mzima kama mtoto. Hakujivuna. Sauti yake ilitetemeka kweli, maana mzee alilia alipoguswa. Kanisani akina mama walijifuta macho kwa ncha za vikwembe vyao. Mzee wa kanisa Kalenga, aliyezoea kusinzia wakati wa mahubiri, alitikisa kichwa kwa kukubali.

Kabedi alikuwa benchi la mbele, mahali pa mke wa mchungaji. Vidole vyake, ingawa alivisugua kwa majivu na ndimu, bado vilinuka kazi ya alfajiri. Alimtazama mumewe akisema na akangoja hasira ije. Haikuja. Laiti ingekuja, ingemchangamsha. Kilichokuja ni usingizi, mzito na mtamu, na alikaza macho ili asianguke mbele ya watu.

Alhamisi iliyofuata akina mama walikusanyika kama kawaida. Somo lilikuwa saburi ya mwanamke nyumbani, na Kabedi alikuwa amelifundisha hata kabla hajafunga ndoa. Alisimama na akafungua Maandiko. Alitazama nyuso zile, nyingi zimechoka kama wake, zikimngojea awape kitu. Akatafuta neno la kwanza. Alitafuta kwa muda mrefu kiasi kwamba mtoto mmoja mgongoni mwa mamaye akaanza kulia na hakuna aliyemtuliza.

"Bamama, munisamehe," alisema. "Leo sina neno."

Akaketi. Mmoja wao, kwa kumsitiri, alianzisha wimbo, wengine wakadakia, wakaimba beti zote, wakaagana mapema. Lakini kabla jua halijazama habari ilikuwa imezunguka Dilala: Mama Pasta amesimama mbele ya watu na neno limemkimbia. Wengine walisema ni ugonjwa. Wengine walisema mchungaji aangalie nyumba yake, maana Shetani huingia kwa mlango wa jikoni.

Mzee Kalenga ndiye aliyeyafikisha kwa Nkulu, kwa adabu na kwa sauti ya chini, kama apasavyo mzee. Nkulu alirudi nyumbani amekunja uso. Alimkuta mkewe uani anaanua vitambaa vya mgonjwa. Alisimama akashika baisikeli yake, akamwuliza kama ni kweli alishindwa kufundisha.

"Ni kweli," Kabedi alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu nachoka, Tata Omer," alisema, akimwita kama siku zote baba wa Omer.

Nkulu alisema wote wanachoka. Alisema yeye mwenyewe leo amekwenda Mutoshi na kurudi, upepo ukimpiga kifuani. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake jeraha lake. Kabedi alikunja kitambaa kimoja, akakiweka juu ya vingine.

"Mulimuosha Tata Louis," alisema. "Mi nilisikia, na nilifurahi kwa ajili yake. Lakini mama yenu eko humu ndani."

Nkulu aligeuka akautazama mlango. Kisha akasema kwamba yule ni mama yake mzazi. "Mutoto mwanaume hawezi kuona uchi ya mama yake. Unajua. Hata kwenu Kasai ni vile."

"Mi sikusema mumuone. Nitamuosha mi mwenyewe. Lakini mashuka haina uchi, Tata Omer. Maji haina uchi. Uji haina uchi."

Hakupaza sauti, na aliondoka kabla ya kujibiwa, kwa sababu ndani Mama Mbuyu alikuwa anaita maji. Nkulu alibaki ameshika baisikeli. Usiende kudhani alibadilika jioni ile. Kesho yake aliamka, akamwombea mama yake, akafunga kamba kifundoni, akaenda zake Musonoi. Lakini hakula vizuri siku zile, na waliokaa naye waliona anarudia rudia sentensi akiomba, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kilichovunja mambo ni homa. Malaria ilimkamata Kabedi siku ya Jumatatu, akaamka hivyohivyo akaenda bombani, ndoo ikamshinda njiani, maji yakamwagika, akaketi palepale kando ya mtaro. Mama Nuru ndiye aliyemwona. Jina lake hasa lilikuwa Latifa, mke wa Bilali, Mwislamu wa Maniema mwenye lori lililobeba mihogo na makaa. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa matete tu. Latifa alimshika mkono akamrudisha ndani, akamlaza, akamtafutia kwinini. Halafu bila kuulizwa akafunga kikwembe kiunoni, akaingia chumbani kwa Mama Mbuyu na maji ya moto. Mgonjwa alisema hapana, hapana. Latifa akamjibu kwa upole kwamba hata kwao wazee husema hivyo, akaendelea kumwosha.

Alipotoka alimkuta mchungaji amesimama ukumbini, kofia mkononi. Alikuwa anaelekea Mutoshi. Latifa aliliweka beseni la mashuka chini, katikati yao, akasema yeye ana watoto wake na mume wa safari, mwili wa mama ataosha mpaka Mama Omer apone, lakini hili beseni hawezi. Hakusema zaidi. Alikuwa mwanamke wa watu, na aliogopa kumvunjia heshima mtu wa Mungu, hata kama yeye mwenyewe alimwomba Mungu kwa njia nyingine.

Nkulu alilitazama beseni. Kisha akaining'iniza kofia yake msumarini.

Bomba la uani siku ile halikutoa hata tone. Ilimbidi aende la njiani, ambako wanawake walikuwa wamepanga mstari na ndoo zao. Mazungumzo yalizimika alipofika. Mwanamke mmoja mzee alishika ukingo wa beseni ili alichukue, akisema mchungaji asimtie aibu. Nkulu alikataa na kusema ni ya mama yake. Alichutama, akaanza kufua, naye alifua vibaya. Alitia sabuni juu ya kinyesi kabla ya kukisuuza. Alisugua katikati akaacha pindo. Suruali yake ya kuhubiria ililowa mpaka magotini. Aliporudi uani akaanika mashuka yakiwa bado na madoa, Latifa akamwambia kupitia ua wa matete kwamba kwanza ni maji baridi, tena mengi, halafu ndipo sabuni, na kwamba jua lenyewe husaidia kung'arisha. Nkulu akayaanua, akaanza upya.

Kabedi alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, homa ikimpigisha meno. Mtu angedhani alifurahi. Kwanza alichoona ni aibu, akataka kuinuka akamnyang'anye lile beseni. Halafu akaona uchungu, kwamba ilihitajika yeye aanguke mtaroni ndipo hili liwezekane. Kisha homa ikampandia tena, akalala, na alipoamka mchana mashuka yalikuwa yanapepea juani na yeye hakuwa ameyafua. Alilitazama jambo hilo muda mrefu bila kulipa jina.

Aliyechukia hasa ni Mama Mbuyu. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha la uani. Alimwona mwanawe, mchungaji, mtu anayesimama mbele ya mamia, ameinua mikono anaanika mashuka ya mamaye kwenye kamba. Alilia kwa lile jicho zima, akasema hapana mpaka sauti ikapasuka. Siku ile na iliyofuata hakula kwa mkono wa mtu yeyote, hata wa Nkulu. Kabedi alipopata nguvu za kusimama, akaingia kumwosha, bibi alimtazama kwa chuki iliyo wazi kuliko maneno. Umemfanya mwanangu mwanamke: ndivyo jicho lilivyosema.

Kabedi aliliweka beseni sakafuni. Kabla ya kumgusa aliketi kwanza ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, munisikilize," alisema. "Mi nachoka. Mi sina nguvu tena ya kubeba mwili yenu pamoja na hasira yenu. Kama hamunipendi, musinipende, nilizoea. Lakini munisaidie kugeuka."

Bibi alifumba jicho. Kabedi alingoja, kisha akainuka, akapitisha mikono yake chini ya mabega kama kila siku, akajiandaa kwa ule uzito wa gunia. Akaona mguu wa kushoto, ule mzima, umejikunja polepole, kisigino kimekanyaga godoro, na kiuno kimeinuka kidogo. Kilikuwa kidogo sana, lakini mwili uligeuka. Toka siku ile, karibu kila mara, kisigino kile kilikanyaga godoro. Chuki haikwisha, ila ilitoka mgongoni mwa Kabedi.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, watu walipokuwa bado wanakung'uta matope ya kusafisha mitaro ya serikali, mzee Kalenga alikuja. Alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai. Aliketi sebuleni na akaeleza kwa utaratibu. Wazee wamekaa. Hawapingi mchungaji kumheshimu mama yake. Lakini uchungaji una heshima yake, na mtaani watoto wameanza kumwigiza mchungaji akifua. Kwa hiyo kanisa litatuma akina mama kwa zamu wafue, mchungaji arudi kwenye kazi aliyoitiwa.

Nkulu alimshukuru. Alisema akina mama watakaribishwa sana, maana mke wake anahitaji kupumzika. Ila yeye ataendelea na mashuka.

Kalenga alimwuliza kwa nini.

Nkulu alifikiri. Kabedi, aliyekuwa anaweka chai mezani, aliona jinsi alivyokuwa amekonda mashavuni. "Tata Kalenga," alisema hatimaye, "nilipomuosha Tata Louis muliniita mutumishi. Hapa sina jina ya kuniita. Lakini kazi ni ileile, na huyu ni mama yangu."

"Louis ni mugeni," Kalenga alisema. "Aibu ya mugeni haituingie. Hii inatuingia."

Alikunywa chai yake yote, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, akaaga. Hakuridhika, na sikuambii kwamba aliridhika baadaye. Akina mama walikuja kwa zamu, wakaja tena, kisha mmoja akapata msiba, mwingine akajifungua, na zamu ikafa bila mtu kuizika. Aliyebaki ni Latifa, ambaye hakuwa kwenye zamu ya kanisa lolote. Alikuja mchana mmoja mmoja, akakaa na bibi ili Kabedi afumbe macho.

Kwa Nkulu, siku haikuweza tena kubeba kila kitu. Alipunguza safari za Mutoshi, na watu wa Mutoshi, waliokuwa wachache lakini wenye bidii, walinung'unika, mwishowe wakajiunga na mhubiri mwingine aliyekuja na gitaa. Jambo hilo lilimwuma. Aliketi uani jioni ile ameshika kichwa, na Kabedi hakumpa maneno ya faraja kwa kuwa hakuwa nayo. Alimletea kiti cha kuegemea. Mahubiri yake yakawa mafupi. Alianza kusahau mistari aliyoijua kwa moyo. Usiku mmoja, akibariki chakula, alikwama katikati, na watoto walipofumbua macho walimwona baba yao amelala ameketi, mikono bado imeshikana. Kabedi ndiye aliyesema amina.

Uchovu ule haukupungua sana, ila sasa ulikuwa na watu wawili wa kuubeba. Asubuhi mmoja alienda bombani, mwingine akawasha mbabula. Walianza kuzungumza tena, juu ya vitu vidogo: sabuni inayokwaruza, doa la mawese lisilotoka, Omer na alama zake za hesabu. Nkulu alimwomba msamaha mara moja, wakikunja shuka, yeye huku na Kabedi kule, wakivuta ncha. Alisema hakujua. Kabedi alimwambia alijua, ila hakutazama. Nkulu akakubali kwamba ndivyo. Wakasogeleana, wakaunganisha ncha za shuka, wakachukua lingine.

Mama Mbuyu aliishi mpaka kiangazi, wakati vumbi la mashimo ya Musonoi lilipokuwa limefunika hata majani ya mihogo. Alikufa alasiri, kwa utulivu, Kabedi akiwa pembeni anamlowesha midomo. Hakusema jina lake, hata mwishoni. Alisema maji, akapewa, akameza kidogo, kisha akaacha kumeza. Kabedi alimfumba lile jicho, na yeye na Latifa wakamwosha mara ya mwisho. Nkulu alisimama nje ya mlango na kuwapitishia maji.

Mazishi yalikuwa makubwa. Akina mama walivaa sare, kwaya iliimba mpaka ikapotewa na sauti, na Kalenga alitoa hotuba nzuri, akasema marehemu alijaliwa mkwe kama binti. Kabedi aliisikia na hakuona haja ya kuisahihisha. Matanga yalipokwisha, Nkulu alitangaza kanisani kwamba mke wake hatafundisha akina mama mpaka atakaposema mwenyewe. Wengine waliguna. Kabedi alihama benchi la mbele, akawa anaketi nyuma, karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wachanga, ambako mtu akisinzia hakuna anayehesabu. Alilala sana miezi ile. Sala haikurudi kwa kishindo. Siku moja alijikuta akipukuchua mahindi anamweleza Mungu habari za mguu wake unaomwuma, kwa maneno ya kawaida, kama anavyomweleza Latifa, na akaona kwamba pengine amekuwa akifanya hivyo kwa siku nyingi.

Mvua ziliporudi, binti mmoja wa kanisani, aitwaye Tshilombo, aliyeolewa karibuni, alibisha hodi mchana. Baba mkwe wake alikuwa amevunjika nyonga mgodini, na nyumba nzima ilikuwa imemlalia yeye, na mtoto mgongoni. Alisema amekuja kumwomba Mama Pasta amwombee apate saburi, maana jana alimfokea mzee na moyo unamshitaki.

Kabedi alimtazama macho. Alimfungua kanga ya mgongoni, akampokea mtoto, akatandika mkeka pale ukumbini penye hewa.

"Lala kwanza," alisema. "Tutaomba ukiamuka."

Tshilombo alianza kusema kwamba hawezi, kwamba anangojewa. Lakini aliketi, kisha akaegemea, na kabla hajamaliza kueleza alikuwa amekwisha kulala, kiatu kimoja bado mguuni. Kabedi alimvua kile kiatu. Alimfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akamtuma binti yake mdogo aende kule nyumbani akaseme mke wa mwanao yuko kwa mchungaji, atachelewa. Halafu akachukua sombe akaanza kuitwanga taratibu, upande wa pili wa nyumba, ili kinu kisimwamshe.